Mheshimiwa Amehama, Sisi Je?

Kila asubuhi fundi cherehani na mkewe hufungua kibanda chao sokoni. Fundi hushona suruali na sare za shule. Mkewe hutia vifungo na zipu. Kibanda chenyewe ni kidogo. Ukinyoosha mkono, umegusa ukuta wa pili. Lakini ndicho kinachowalisha wao, pacha wao wawili na mama mkwe.

Jumatano moja, redio ilitangaza kwamba mbunge wao amehama chama.

"Nimehama kwa ajili ya wananchi," mbunge alisema redioni.

Fundi alicheka. "Mimi si mwananchi? Mbona sikumtuma?"

Kicheko hicho hakikufika jioni. Mkewe alipotoka kwenda kununua uzi, mpambe wa mheshimiwa aliingia kibandani. Hakukaa. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Fundi, Jumamosi tuna mkutano uwanjani. Mafundi wote mtarudisha kadi za chama cha zamani. Mheshimiwa akihama, watu wake huhama naye. Nipe kadi zenu sasa hivi."

"Na asiyetaka?"

Mpambe aliyatazama mabati ya paa. "Vibanda hivi vina watu wengi wanaovitaka, ndugu yangu."

Fundi aliwaona akilini pacha wake wakilala njaa. Sasa, mafundi wa soko lile wana mazoea yao. Karatasi zao za maana huzifunga ndani ya kitambaa na kukishona pande zote, zisiingie vumbi wala maji. Fundi alivuta kifurushi chake cha kitambaa cha bluu kutoka chini ya meza. Mkasi ulikuwa mbele yake. Angeweza kufumua nyuzi akatoa kadi mbili tu za chama. Lakini mtu mwenye hofu hafumui. Alikitoa kifurushi kizima kama kilivyo.

Mkewe aliporudi, alimkuta amekaa, jasho linamtoka.

"Baba Pacha, una nini?"

"Nimempa mpambe kadi za chama."

"Umezitoa kwenye kifurushi?"

"Nimempa kifurushi."

Mkewe aliangusha uzi. "Baba Pacha! Mle mna kadi zetu za kupigia kura. Na barua ya kibanda!"

Bila barua ile, fundi angesema nini siku akija mtu na kudai kibanda ni chake?

Walifunga kibanda mapema na kwenda kwa jirani yao, Mama Fotokopi. Ana mashine ya kutolea nakala karibu na geti la soko. Hakuna karatasi ya mtu wa soko ambayo haijapita kwenye kioo chake. Siri za watu hatoi hata umbembeleze. Lakini kazi ya kila karatasi anaijua.

Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia fundi.

"Shemeji, wewe unapima kiuno cha mtu mara mbili kabla ya kukata kitambaa. Hili ulishindwa kupima hata mara moja?"

"Niliogopa, mama. Hata sasa naogopa."

"Kuogopa si kosa. Sikiliza. Kadi ya chama ni hiari yako. Ukitaka unairudisha, ukitaka unakaa nayo, na hakuna wa kukulazimisha. Kadi ya kura umepewa na tume ya uchaguzi. Chama hakina haki ya kuichukua, si cha zamani wala kipya. Na kibanda umepewa na manispaa. Mbunge hakukupa kibanda, kwa hiyo hawezi kukunyang'anya."

"Lakini kwa nini amehama?" mke aliuliza. "Amesema ni kwa ajili yetu."

"Mimi simo moyoni mwake. Ila nenda ofisi ya chama chake cha zamani. Matokeo ya mchujo wa wagombea yamebandikwa ukutani, kila mtu anayaona. Amekuwa wa tatu. Jumatatu ameshindwa, Jumatano amehama."

"Kumbe!"

"Wapo wanaohama kwa sababu wamenyimwa nafasi. Wapo walioahidiwa cheo. Wengine wanakimbia kesi. Na tusiwaonee wote, wapo waliochoshwa na maovu ya chama chao. Hao huhama hata kama watapoteza kiti."

"Sasa sisi tutawajuaje?" fundi aliuliza.

"Tazama anapoteza nini na anapata nini. Halafu muulize zile ahadi alizotupa amezifikisha wapi. Akili za kuambiwa, changanya na zako. Kuhama ni haki yake, shemeji. Kukuhamisha wewe kwa vitisho si haki yake."

Aliwasaidia kuandika barua fupi ya kueleza yaliyotokea. Asubuhi ya Alhamisi waliipeleka tume ya uchaguzi, wakapeleka na nakala manispaa. Ofisi zote mbili ziligonga muhuri kwenye nakala yao. Karani wa manispaa alifungua daftari la vibanda. Jina la fundi lilikuwepo, kibanda namba kumi na nne.

Kutoka hapo wao na Mama Fotokopi walikwenda kwa mpambe. Kadi za watu zilikuwa zimejaa kwenye katoni la sabuni, juu ya meza. Fundi alirudi nyuma hatua moja. Mkewe akasema badala yake.

"Kaka, tumefuata kifurushi chetu."

"Mnamsaliti mheshimiwa? Nitamwambia!"

"Mwambie. Na hii nakala umwonyeshe."

Mpambe aliiona mihuri. Kisha akachakura katoni na kuwatupia kifurushi cha bluu. Nyuzi zake zilikuwa bado hazijafumuliwa.

Jumamosi hawakwenda uwanjani. Kipaza sauti kilifika mpaka kibandani, kikisoma majina ya waliorudisha kadi. Kila jina liliposomwa, fundi alisimamisha cherehani. La kwake halikusomwa. Hilo nalo lilimtisha, na usiku hakulala.

Jumatatu, saa nne, msimamizi wa soko alikuja na daftari lake. Alikagua kibanda hadi kibanda. Fundi alimkabidhi barua kwa mikono miwili. Msimamizi aliisoma, akatia alama ya vema kwenye daftari, akaenda kibanda cha kumi na tano. Ikawa basi. Mke wa fundi alikaa chini akalia, akajicheka huku analia.

Mchana, mafundi wenzao saba walisimama mlangoni. Nao walikuwa wametoa vifurushi vyao bila kuvifumua.

"Fundi," mmoja alisema kwa sauti ya chini, "eti wewe kadi yako ya kura umeipata? Tunaomba utusindikize kwa yule mpambe. Sisi tunaogopa."

"Mimi pia naogopa," fundi alisema.

Akavua futi ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akatangulia.