Chama Kilichojificha kwa Fundi Cherehani

Kila Jumamosi mchana watu kumi na wawili waliingia kwa fundi cherehani, kila mmoja na kitambaa kwapani. Fundi alifunga mlango na kushusha pazia. Hakuna aliyepimwa nguo. Walikuwa watu wa kabila dogo, nao walikutana kupanga darasa la kuwafundisha watoto lugha yao. Waliobaki wakiijua vizuri walikuwa wazee wachache, na aliyeijua kuliko wote, mama mkwe wa fundi, alikuwa mgonjwa.

Kwa nini walijificha? Waliomba kusajili chama, karani wa usajili akawarudishia fomu. "Chama cha kabila moja ni ubaguzi," alisema. "Mkikutana mtakamatwa." Wakanywea.

Jirani wa fundi alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Walimwita Mama Nukta kwa sababu hakuvumilia sentensi isiyo na nukta. Jumamosi moja alibisha hodi, sketi mkononi.

"Watu wote hawa, na cherehani haijalia hata mara moja," alisema. "Au mnashona kwa macho?"

Fundi alicheka, kisha akamweleza yote.

"Mwanangu, mnajificha kama wezi na hamjaiba," alisema Mama Nukta. "Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kifungu cha ishirini na moja kinalinda mikutano ya amani. Cha ishirini na mbili kinalinda haki ya kuunda chama. Cha ishirini na saba kinasema watu wa makabila madogo wasinyimwe haki ya kutumia lugha yao pamoja na wenzao."

"Kwa hiyo serikali haiwezi kutuzuia kabisa?"

"Inaweza kuweka mipaka. Lakini iwe ndani ya sheria, na iwe ya lazima kweli, kama kulinda usalama au haki za wengine. Mtoto akijua lugha ya bibi yake, anamdhuru nani?"

"Na karani je?"

"Alikukatalia kwa mdomo tu. Mwambie aandike sababu na atie saini. Ukipata barua, kata rufaa kwa wakubwa wake."

Jumatatu fundi alikwenda ofisini kwa karani kudai barua. "Njoo kesho," karani alisema.

"Nitasubiri hapahapa."

Alikaa kwenye benchi hadi alasiri. Barua ilipotoka haikutaja sheria hata moja. Wakakata rufaa. Kila wiki fundi alifuatilia, huku akiomba mama mkwe wake asifariki kabla darasa halijaanza. Baada ya miezi minne walishinda, wakapata cheti cha usajili.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa shule. Walikuja watu arobaini, wakubwa kwa watoto, na yule bibi mgonjwa, mama mkwe wa fundi, aliletwa akiwa amejifunga shuka. Kabla hajaanza kufundisha, askari aliingia.

"Nani kawaruhusu?"

Fundi alisimama.

"Cheti hiki hapa, afande. Taarifa ya mkutano tulishaipeleka kituoni kwenu. Tunajifunza lugha yetu."

Askari alianza kusoma cheti. Bibi hakumngoja amalize. Alitamka neno la kwanza, na watoto wakaitikia kwa sauti moja.