Daktari wa Bombay, Kinyozi wa Likoni

"Hapana, hajui lolote," Tsuma alisema kwenye simu, mkono umeziba mdomo. "Na sitaki ajue mpaka tumalize. Nitakuja peke yangu."

Sauti ya Bombay ilikuja na kupotea, kama ya mtu anayezungumza huku akipiga mbizi. Ilisema aje hata kesho. Ilisema atarudi kwao mtu mpya, hata mama mzazi atamwuliza jina. Tsuma akacheka peke yake mle kibandani, kicheko cha mtu aliyeonjeshwa asali, akakata simu na kusukuma mlango.

Mwanarehema, mchumba wake, alikuwa amesimama hapo hapo nje, stempu mkononi.

Posta ilikuwa ndogo, karani wa simu alikuwa ameitaja Bombay kwa sauti, na vibanda vilikuwa vya mbao nyembamba. Tena Mwanarehema alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kiingereza hakikumpita pembeni.

"Nani huyo asiyejua lolote?" aliuliza taratibu.

"Mambo ya kazi tu."

"Kazi gani hiyo unayoiendea peke yako, tena unaichekea hivyo?"

Tsuma akaigusa kofia yake ya viua, akaishusha kidogo kwenye paji. Ilikuwa mazoea yake kila alipobanwa.

"Mara ya kwanza uliahirisha harusi ukasema wangoja nyumba," Mwanarehema alisema. "Nyumba ikaisha. Mara ya pili ukasema wangoja uhamisho. Nikaungoja nawe, uhamisho ambao mpaka leo sijui watoka wapi kwenda wapi. Haya, leo nimejua. Yuko Bombay?"

"Nani?"

"Huyo umchekeaye."

Angevua kofia pale pale, maneno yangeisha. Mkono ukapanda, lakini kiburi kikawahi kufika kabla yake.

"Ukiniamini utaniamini," alisema. "Usiponiamini, shauri yako."

Mwanarehema alimtazama kama mtu anayesoma ubao uliofutwa nusu.

"Mwezi wa Mfungo Mosi ukiisha hujataja siku, usinitafute. Shangazi Mwanatabu ameshaletewa posa yangu na watu wa Mtongwe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimzuia asiikubali."

Akatoka, buibui likipepea nyuma yake kwa upepo wa kivukoni. Stempu ilimdondoka, hakurudi kuiokota.

Tsuma hakuwa na mwanamke Bombay. Alikuwa na upara Likoni.

Ulimwanza mapema, ujana haujakolea. Ulianzia pembe mbili za paji, ukaja kutokea utosini, na sasa pande hizo zilikuwa zinatafutana. Likoni nzima hakuna aliyeuona ila mama yake na mto wa kulalia. Wengine wote walimjua Tsuma wa kofia, karani wa mizigo katika uwanja wa ndege kule Port Reitz, kijana mwenye mwendo wa kujiamini na shati lililopigwa pasi.

Na kofia ingemsitiri mpaka kaburini, lau si wembe. Kwa watu wa kina Mwanarehema harusi haianzi na kadhi, inaanza na kinyozi. Bwana harusi hukalishwa kitini uani, akavuliwa kofia mchana kweupe, akanyolewa mbele ya mashangazi wa pande zote mbili, nao wanaimba, wanapiga makofi, na kumtania atakayetaniwa. Hao mashangazi Tsuma aliwafahamu. Waliwahi kumtania bwana harusi mmoja kwa masikio yake, na masikio hayo yakabaki jina lake mpaka alipohamia Malindi.

Basi kila alipopitiwa na usingizi wa mchana, Tsuma aliota ndoto ile ile. Anatembea katika konde la mpunga la marehemu bibi yake, mvua imekatika sasa hivi, majani yanang'aa. Anajipapasa kichwa na kukuta kimechipua. Nywele zinatoka taratibu, laini, nyeusi, zinanong'ona kwa upepo kama mpunga wenyewe. Mwanarehema anatokea upande wa pili akiwa na chanuo, anasema, "Zote hizi zako?" Hapo ndipo huamka, na mkono wake hugusa ngozi.

Ndoto hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye magazeti yaliyoachwa ndani ya ndege. Huko alisoma habari za madaktari wanaotoa nywele kisogoni na kuzipandikiza mbele. Akapigwa picha za kichwa chake katika studio moja ya Changamwe ambako hakuna amjuaye, akazituma kwa wawili, mmoja Bombay na mwingine London. Wa Bombay ndiye aliyejibu kwanza, na majibu yake yote yalikuwa ndiyo.

Siku ya pili yake kazini, Kamau alimkuta ameshika tama juu ya magunia ya barua.

Kamau alikuwa mtu wa bara, mhudumu wa ndege, mcheshi, mtanashati. Nchi alizolala zilikuwa nyingi kuliko mitaa aliyopita Tsuma. Walikuwa wakinywa chai pamoja kila ndege yake ilipochelewa. Siku hiyo Tsuma hakujua limemtoka vipi, lakini lilimtoka lote. Upara, wembe, Bombay, Mwanarehema.

Kamau hakucheka. Alitazama nyuma, akatazama mlangoni, kisha akavua ile kofia yake ya kazi ambayo Tsuma hakuwahi kuiona ikivuliwa.

"Angalia vizuri, bro. Usiogope."

Juu ya paji la Kamau kulikuwa na nywele, ndiyo. Zilisimama vishada vishada kwa mstari, kila kishada na shimo lake, kama miche ya vitunguu. Nyuma ya mstari huo hakukuwa na kitu.

"Zilizokuwa nyuma ziliondoka baadaye, polepole," Kamau alisema. "Hizi za kupandwa zikabaki. Sasa niko na ua mbele, na nyumba haipo."

"Alikufanyia nani?"

"Jamaa aliyesema ndiyo kwa kila swali. Nilimwuliza kama nitakaa kama kijana, akasema ndiyo. Kama ni yeye mwenyewe atashika kisu, ndiyo. Siku yenyewe nikashikwa na wasaidizi, yeye nikamwona wakati wa kuagana tu." Akairudisha kofia kichwani. "Sikuambii usiende. Nakuambia chagua mtu anayejua kusema hapana."

Tsuma alirudi Likoni na maneno hayo kifuani. Feri ilikwenda taratibu jioni hiyo, au yeye ndiye aliyeona hivyo. Maji yalikuwa na rangi ya shaba, watu waliongea kama walio mbali sana, na kila mwanamume mwenye nywele Tsuma alimwona kama mtu aliyezaliwa na urithi asioujua thamani yake.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaingia tena katika kibanda kile cha posta. Safari hii aliomba London.

Daktari wa London alikuwa na sauti ya uzee, isiyokimbilia popote. Alisema picha amezipata, kisha akauliza mambo ambayo wa Bombay hakuyauliza.

"Baba yako ana nywele?"

"Hana."

"Wajomba zako?"

"Hawana."

Tsuma akasikia karatasi zikifunuliwa kule ng'ambo.

"Naweza kukupandikiza," mzee alisema, "lakini sitakupandikiza. Si sasa. Kwako bado zinaanguka. Nikizijaza mbele leo, zilizo nyuma yake zitakuja kuondoka, na akiba ya kisogoni haitatosha kuzifuata. Ngoja hali itulie. Ikitulia, nipigie mimi au mpigie mwingine, lakini huyo mwingine mwombe akuonyeshe mtu aliyemfanyia zamani. Aliyetoka mezani jana si ushahidi."

"Daktari, mimi nina harusi."

"Hongera. Bibi harusi anasemaje juu ya jambo hili?"

Tsuma akaishusha kofia kwenye paji. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya damu, ya dawa, ya paspoti. Hilo halikuwamo.

Alitoka kibandani akapita nyumbani kwao bila kuingia, akaenda moja kwa moja kwa kina Mwanarehema. Shangazi Mwanatabu alikuwa barazani akichambua mchele, miguu ameinyoosha, uso ameukunja tangu alipomwona kichochoroni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutaja siku au umekuja kuahirisha? Nijue kama nisogeze ungo au niendelee."

"Nimekuja kusema na Mwanarehema. Ukiwapo wewe."

Shangazi akaita. Ndani sauti ikaitika, "Abee," na Mwanarehema akatoka na leso mabegani, macho yamevimba kidogo. Hakukaa. Aliegemea mlango.

Tsuma alikuwa na hotuba aliyoipanga njiani kwa vina na mizani. Yote ikamtoroka.

"Bombay hakuna mwanamke," alisema. "Yule ni daktari. Na leo nimempigia mwingine, wa London."

Mwanarehema akasogea hatua. "Unaumwa?"

Hapo ndipo kiburi kilipomwisha kabisa, kwa namna lile swali lilivyotoka haraka, bila hasira hata chembe. Akavua kofia.

Shangazi Mwanatabu aliacha kuchambua. Kuku mmoja akapita akadonoa mchele ulioanguka, wala hakufukuzwa.

"Nilitaka kwenda kupandikizwa nywele kabla ya siku ya kunyolewa," Tsuma alisema, akitazama sakafu. "Nisichekwe. Nisikutie aibu mbele ya jamaa zako. Ndiyo sababu ya nyumba, ndiyo sababu ya uhamisho. Sababu zote ni hii."

Mwanarehema alikuwa akitazama kichwa kile kana kwamba ni nchi aliyokuwa akiisikia tu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwalimu anayetaka mtoto alione kosa mwenyewe:

"Ungekwenda Bombay."

"Ndiyo."

"Ukapandwa nywele."

"Ndiyo."

"Ukaja nazo mpaka Likoni, ukakaa kitini, kinyozi Mzee Boga akazinyoa zote."

Tsuma akainua uso. Kwa muda wote huo, kwa simu zote hizo na ndoto zote hizo, jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini. Akatazama kofia mkononi. Akamtazama Mwanarehema. Shangazi Mwanatabu ndiye aliyeanza, mabega yakimtikisika, ungo ukimpiga magotini, machozi yakimtoka kwa kicheko alichojaribu kukimeza. Tsuma naye akashindwa. Akacheka mpaka akashika nguzo.

Mwanarehema hakucheka.

"Nimelia siku mbili nzima," alisema. Ungo ukaacha kutikisika. "Ukamwuliza wa Bombay. Ukamwuliza wa London. Mimi wa Likoni, hujaniuliza. Uliniona nitakimbia? Mimi nimelelewa na baba aliyetoka baharini na mguu mmoja, na mama alimpokea mlangoni akamwambia chai imepoa. Ulidhani mimi nimetoka nyumba gani?"

"Niliogopa."

"Sema tena."

"Niliogopa, Mwanarehema. Wallahi niliogopa utaniona mdogo."

"Nilikuona mdogo pale posta, na kofia kichwani," alisema. "Sasa nakuona sawasawa."

Mkono wake ulinyanyuka kuelekea kwenye kovu dogo juu ya sikio la Tsuma. Ukakumbuka kwamba shangazi yupo, ukarudi chini ya leso.

"Hilo kovu la nini?"

"Bakora ya chuo cha Kurani. Nilikosea sura."

"Ulistahili." Na hapo ndipo midomo yake ilipocheza, kidogo tu. "Huyo wa London kasemaje?"

"Kasema ningoje. Nimemchagua yeye."

"Umemchagua aliyekukatalia?"

"Ndiye pekee aliyeniuliza habari zako."

Mwanarehema akageuza uso akatazama minazi. Alipourudisha, alimwambia ataje siku, na Tsuma akaitaja pale pale barazani, Ijumaa ya mwisho ya Mfungo Mosi. Shangazi Mwanatabu akafuta macho kwa pembe ya leso, akasema watu wa Mtongwe atawajibu yeye. Kisha akamwambia Tsuma achukue upande wa pili wa ungo, maana mchele ule ulikuwa wa harusi yake mwenyewe na kuku wameshakula sehemu yao.

Siku ya kunyolewa ilifika na jua la asubuhi, laini, limechujwa na majani. Uani kulinukia udi na asumini. Mashangazi walikuwa wamejaa kwenye mikeka, na Kamau naye alikuja, akakaa pembeni na kofia yake. Mzee Boga alinoa wembe mkandani bila haraka. Leso mpya zilitandikwa chini ya kiti.

Tsuma hakungoja kuvuliwa. Aliivua kofia mwenyewe, akamkabidhi mama yake.

Mmoja wa mashangazi wa kina Mwanarehema, yule aliyebuni jina la masikio, alivuta pumzi kujiandaa, na kila aliyemjua akajua jina jipya linakuja. Lakini Shangazi Mwanatabu alikuwa ameshasimama katikati, leso kiunoni, na alikuwa na sauti isiyoomba nafasi:

"Kinyozi, huyu twapenda, kichwa chake kina mwenye;
Si ugonjwa, si kidonda, wa mbali asikiponye."

Wakaitika. Hata yule wa masikio aliitika, maana wimbo ulikuwa mtamu na makofi yalikuwa yameshashika. Wakaurudia mpaka wajukuu wakauweza. Mzee Boga akazunguka kichwa kwa maji na wembe, na nywele zilizokuwapo zikaanguka juu ya leso, nyepesi kama zisizokuwa na habari. Alipomaliza, kichwa kilikuwa kimoja, kinang'aa, na aliyechelewa kufika asingeweza kujua wembe ulikuta nini na ulikosa nini.

"Mbona watikisika, bwana harusi?" mzee alikuwa amemnong'oneza katikati ya kazi. "Nitakukata."

"Nyoa tu, mzee. Nasikia raha."

Jirani mmoja alimvuta Mwanatabu pembeni akamwuliza, huyo wa mbali ni yupi, mbona wimbo huu haujasikika Likoni.

"Sijui mimi," Mwanatabu alijibu, akijipepea. "Nimetumwa. Kautunga bibi harusi jana, akaniambia niuimbe kabla mtu hajafungua mdomo."

Tsuma alisikia. Akafumba macho pale kitini, jua likimgusa utosi kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na konde la mpunga likamjia akiwa macho, majani yote yanang'aa. Safari hii hakujipapasa kichwa. Alimtazama tu aliyekuwa akija upande wa pili, na mkononi mwake hakukuwa na chanuo.