Fukusi wa Ghala Tupu

"Pisha! Pisha mzigo!"

Soko la nafaka lilikuwa limechangamka, wapagazi hawaoni mtu. Katikati ya vurugu hiyo, msichana mwenye gauni la njano na raba nyeupe alikuwa amepiga magoti, kachomeka maikrofoni nyembamba kwenye gunia la mahindi, macho kayafumba.

"Dada, gunia linakuambia nini?"

"Nyamaza, kaka! Fukusi wanatafuna."

Aliyeuliza alikuwa mtunza ghala, kijana mtanashati, shati limenyooshwa pasi, kalamu nyuma ya sikio. Alicheka mpaka akaegemea mzani. Msichana akamwonyesha kompyuta. Kila mlio uliwekewa nukta, kwa kuulinganisha na mlio uliotangulia. Makelele ya kawaida yalisambaa kama unga uliomwagika, lakini wadudu wakitafuna, nukta zilizunguka na kuzunguka bila kurudia njia moja, zikachora umbo. Ndiyo hesabu aliyokuwa akiisomea chuoni.

"Haya, Profesa, njoo usikilize na ghala langu. Ukikuta fukusi, soda juu yangu."

"Nisipokuta?"

"Unanipa namba ya simu."

Alimpa namba palepale, hata ghala hajaliona. Makubwa!

Miezi mitatu simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, laazizi. Na wewe hujambo na wadudu wako?" Kijana akamwambia mama yake kabisa kwamba mchumba amepatikana.

Kisha mwenye ghala akasikia habari za hesabu hiyo, akataka ghala zima lipimwe.

"Zima kwanza hiyo feni, mpenzi, inagonga," kijana alimwambia siku ya kupima.

"Feni ni kelele tu. Hesabu yangu inajua kuchuja, wewe tulia."

Umbo la fukusi likatokea kwenye kioo cha kompyuta, zuri ajabu. Msichana akalipeleka kwa mwenye ghala huku anatabasamu, maana alikuwa na haraka ya kusifiwa, tusimfiche.

"Fungueni magunia muone!" kijana alilalamika.

Lakini fukusi mchanga hukaa ndani ya punje, kwa macho haonekani. Angejitetea kwa lipi? Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo kwa uzembe, magunia yote yakatolewa yakawe chakula cha kuku. Alipomtazama mpenzi wake, mpenzi wake alikuwa anaitazama kompyuta. Kwamba aliambiwa azime feni, msichana hakutaja.

Wiki mbili baadaye msichana alirudi kupima ghala likiwa tupu, amalizie ripoti yake ya chuo. Hapakuwa na punje hata moja. Juu, feni ilikuwa inazunguka, panga lake moja limelegea, linagonga.

Umbo likatokea. Lilelile.

Akazima feni. Likapotea. Panga lililolegea halikugonga kwa mpangilio, na hesabu ikalidhania kitu chenye uhai. Msichana akakaa chini sakafuni na gauni lake safi, akalia kwa aibu.

Akampigia kijana. Simu ilipokewa mara ya tatu.

"Sema."

"Ilikuwa feni."

Msichana akafuta machozi.

"Nisamehe, laazizi. Nimekukosea sana."

"Bosi umemwambia?"

"Nimeanza na wewe."

"Mimi nilikuwa najua, Profesa." Akakata.

Maneno hayo yalimchoma. Alifuta ripoti yake, akaenda kwa mwenye ghala, akasema mbele ya wapagazi wote kwamba amekosea yeye, na kwamba aliambiwa azime feni akakataa. Chuoni angeanza upya. Kutoka hapo akaenda nyumbani kwa mama wa kijana.

"Shikamoo, mama. Mwanao hakuwa na kosa. Kosa ni langu."

Mama aliweka chini nguo aliyokuwa anashona. Machozi yakamtoka, lakini hakumtazama mgeni. Alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Uliniapia huna kosa, baba," alisema. "Nikakuambia msomi hawezi kukosea. Nikakuita mwongo, mwanangu mwenyewe."

Msichana akatamani ardhi ipasuke. Hilo hakulijua. Akachukua mkoba wake ajiondokee.

"Mama, basi, usilie," kijana alisema. Kisha akamgeukia mwenye mkoba. "Unakwenda wapi?"

"Sistahili kukaa hapa."

"Ni kweli. Na sijakusamehe, usijidanganye." Akamsogezea kiti. "Lakini kaa."