Shada la Adui Jasiri

Simu ya kikosi ililia saa sita kasoro robo mchana. Prinsi Ruprecht wa Waldeneck aliinyakua kabla karani hajanyoosha mkono.

"Yule msaliti, Mtunza Bustani, yuko kwenu," ilisema sauti ya Kanali kutoka Berlin. "Saa kumi vijana wako wanane wanaruka. Adui anasubiri kuambiwa njia yao."

"Ataambiwa lini?"

"Leo. Namtaka hai, Mtukufu."

"Sikuahidi."

Akakata simu.

Magazeti ya nyumbani yalimjua Ruprecht kama bingwa wa kuruka viunzi kwa farasi, kisha kama rubani aliyeangusha ndege kumi na nne. Hayakujua kwamba alikuwa pia jasusi wa Kanali. Wala hayakuandika habari za Emmerich Thoma, mtoto wa mwokaji mikate, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mwezi Mei, siku Ruprecht alipokwenda kwenye mashindano ya farasi, Thoma alishika zamu yake na kuruka na ndege yake. Waingereza sita walikuwa juu ya mawingu wakimngoja.

Kuna mtu aliyewaambia saa na njia. Ruprecht alimtaka mtu huyo kwa mikono yake mwenyewe.

Mezani kulikuwa na supu ya viazi, soseji na mgeni. Asubuhi ile Ruprecht alikuwa amemwangusha Luteni Garland, Mwingereza. Mwenzake wa kiti cha nyuma alikufa. Rubani mateka hulishwa kwanza kikosini ndipo apelekwe kambini. Na adui uliyemuua hupelekewa shada la maua kwa ndege, utepe mweupe ukipepea mkiani, wala hakuna anayeipiga ndege hiyo.

"Shada nitalipeleka mimi, kama kawaida," alisema Kapteni Egon von Plessow akifuta masharubu. Kabla ya vita, miaka mitatu mfululizo, alikuwa wa pili nyuma ya Ruprecht kwenye viunzi.

"Egon, utakuja kuoa mjane huko," mmoja akamtania.

"Akipika vizuri kuliko huyu wetu, hata wawili naoa."

Wakacheka. Plessow akatoka.

Garland akainua glasi yake. Kijerumani chake kilikuwa cha kuokoteza. "Nyinyi ni waungwana. Hata mwenzetu Harker mlimletea shada, na hamkumuua nyinyi. Alianguka na pikipiki nyuma ya jiko letu. Tulishangaa mmejuaje."

Kijiko cha Ruprecht kikaishia hewani.

"Lini?"

"Mei. Tarehe nane."

Thoma alikufa tarehe tisa.

Tarehe nane Plessow aliaga kwamba anakwenda kujaribu injini. Alikuwa amekosa maiti ya kumpa kisingizio cha kuvuka na shada, mabwana zake Waingereza wakamtumia jina la maiti yao, naye akasahau kwamba shada hupewa uliyemuua.

Nje injini ikanguruma.

Ruprecht alikimbia na kitambaa cha mezani shingoni. Ndege ya Plessow, yenye viti viwili, ilikuwa tayari inapanda, utepe ukipepea. Prinsi akarukia ndege yake ya Albatros.

"Washa!"

"Mtukufu, koti lako—" fundi akaanza.

"Washa!"

Alimkuta kilomita nne kabla ya mahandaki ya mstari wa mbele. Plessow aligeuka, akamwona, akauelekezea kidole ule utepe. Ndege ya shada haiguswi.

Ruprecht akajipanga nyuma ya mkia wake. Mgongo wa Plessow ulikuwa katikati kabisa ya shabaha. Alimkumbuka Thoma, na kidole kikamwasha.

Akapiga injini.

Plessow alitua kwa kishindo kwenye shamba la viazisukari, Ruprecht akatua kando. Msaliti alipotambaa kutoka, bastola ya Ruprecht ilikuwa inamtazama usoni. Ndani ya shada, chini ya matawi ya msonobari, kulikuwa na karatasi: saa kumi, njia, na majina ya vijana wanane.

"Thoma alikukosea nini?"

"Hakuna." Plessow akatema damu. "Wewe ndiye uliyepaswa kuruka. Risasi zile zilikuwa zako. Maisha yangu yote nimetazama mkia wa farasi wako, Ruprecht."

"Ungekuja kwangu, basi."

"Niachie bastola. Dakika tano peke yangu, nijimalize. Ndivyo tunavyofanyiana."

"Hiyo ni heshima ya maofisa. Beba shada."

Walitembea saa nzima, Plessow mbele, hadi makaburi ya kikosi. Mbele ya msalaba wa Thoma, uliotengenezwa kwa mbao za rafadha ya ndege, Ruprecht akamwamuru apige magoti.

"Liweke. Sema jina lake."

"Thoma."

"Jina lote."

"Luteni Emmerich Thoma."

Utepe wa shada ulikuwa umeandikwa kwa dhahabu: Kwa adui jasiri. Ruprecht akauchomoa, akautia mfukoni, kisha akamfunga Plessow mikono kwa kile kitambaa cha mezani, chenye madoa ya supu.

"Angalau nifunge kwa ule utepe," Plessow akanong'ona.

"Una mwenyewe."

Akamkabidhi kwa askari wa zamu, akaingia ofisini na kupiga simu Berlin.

"Maua?" aliuliza Kanali.

"Hayakufika."

"Na mtunza bustani?"

"Anapumua. Mkimnyonga, mnyongeni asubuhi, nina mazoezi ya farasi mchana."

Juu ya paa ndege nane zilipita, zikienda kwa njia nyingine, si ile ya kwenye karatasi. Ruprecht akazihesabu zote, akatoa utepe mfukoni na kumpa karani.

"Fumeni shada jipya. Mwenzake Garland bado hajapata lake. Nitalipeleka mwenyewe."

Akavaa glavu na kwenda zizini.