Msumari Usio na Ncha

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa akibadilisha sare, anakula haraka haraka, kisha anakwenda karakana ya baba yake. Baba alikuwa fundi wa makochi. Kazi ya Chiriku ilikuwa kufagia mabaki ya sponji na vitambaa, halafu kuburuta sumaku sakafuni. Sumaku yenyewe ilitolewa kwenye spika mbovu ikafungwa kamba, na ilinasa misumari yote iliyong'olewa kwenye makochi ya zamani. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Angeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta uchoke.

Siku moja wenzake walikuwa nje wanaruka kamba. Chiriku alifagia juujuu, na sumaku hakuigusa kabisa.

"Umepitisha sumaku?" baba aliuliza, midomo imebana misumari kama kawaida yake.

"Nimepitisha, baba."

Uongo ulimtoka bila kukwama, akachomoka mbio. Hata zamu yake ya kuruka ilikuwa haijafika aliposikia ukelele kutoka karakanani. Alikuwa ni Kibonge, mdogo wake wa miaka minne, ambaye viatu na yeye havikupatana. Chiriku alimfikia wa kwanza. Akauchomoa msumari wenye kutu kwenye unyayo wa mtoto, akautia mfukoni.

"Kimemchoma nini?" mama aliuliza akihema.

"Mwiba, mama."

Mama alikisafisha kidonda kwa maji na sabuni, akakifunga kitambaa. Lakini keshokutwa yake mguu ulivimba na Kibonge akashikwa na homa. Kila alipolia, moyo wa Chiriku ulimsuta.

"Mbona kimya hivyo?" mama alimtania wakiwa njiani kwenda hospitali. "Leo maneno yamekwisha?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Daktari, mwanamke mwenye miwani, alimpapasa Kibonge kinenani. "Ana mtoki," alisema.

"Mungu wangu!" mama alishtuka.

"Usiogope, dada. Hapa kwenye tezi iliyovimba ndipo askari wa mwili wanapokutana." Akamgeukia Kibonge. "Ndani yako, bwana mdogo, kuna seli zinaitwa makrofaji. Ni walafi kukushinda wewe! Kijidudu kikiingia, zinakimeza na kukisaga. Halafu zinachukua kipande chake, kinaitwa antijeni, zinakibandika juu ya mwili wao wenyewe ili seli nyingine za ulinzi zikione. Ni kama kusema, 'Jamani, adui ni huyu!' Na seli nyingine za ulinzi hukimbiza vipande kama hivyo mpaka kwenye tezi hii. Hapo askari wanamtambua adui, wanatengeneza silaha ya kumpiga yeye hasa."

"Na zikimeza zikaficha?" Chiriku aliuliza.

"Basi askari watachelewa kujua wanapigana na nani, na mgonjwa ataumia bure." Daktari alichukua kalamu. "Haya, kwa kuwa mmesema ni mwiba, nitampa dawa aende nyumbani."

Msumari ulikuwa bado mfukoni. Chiriku hakuwa amethubutu kuutupa, wala kuuacha nyumbani. Aliutoa, akauweka mezani.

"Haukuwa mwiba, daktari. Ni huu. Sikupitisha sumaku, na baba nilimdanganya." Machozi yakamtiririka. "Mimi ndiye niliyemuumiza."

Daktari aliuinua msumari kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza.

"Huu hauna ncha," alisema polepole. "Ncha imebaki mguuni."

Kibonge alipigwa picha ya eksirei, na kweli, ncha ilionekana. Alichomwa sindano ya ganzi, ikatolewa, kisha akachomwa ya kuzuia pepopunda. Alipiga kelele hospitali nzima ikamjua.

"Makrofaji zinameza vijidudu, lakini chuma hiki kingezishinda," daktari alimwambia Chiriku. "Tungemrudisha nyumbani nacho."

Jioni Chiriku alimweleza baba kila kitu. Baba aliitema misumari yake kiganjani.

"Kuacha kazi ni kosa, mwanangu, na utalilipia kwa kufagia bila kucheza wiki nzima. Lakini lililoniuma zaidi ni kuficha. Tulikuwa tunapigana na mwiba ambao haupo, huku mdogo wako anaumia. Ukikosea, lionyeshe kosa lako mapema, hata kama unaogopa. Tukilijua, tutalitengeneza pamoja."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe."

Wiki hiyo Kibonge alipona. Akakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, viatu miguuni, akitoa amri: "Dada, pale bado!"

"Umepitisha sumaku?" baba aliuliza.

Chiriku, msichana wa maneno mengi, hakusema neno. Aliinua kamba juu, sumaku ikiwa imejaa misumari, akamwonyesha.