Aliyerudi Saa Tisa

Siku ya kumi na tisa tangu kiwanda kisimame, Mudathir alirudi nyumbani kwake Mwanzange akakuta sahani yake imeshaliwa. Mabaki ya bada, ugali wa muhogo, yalikuwa yamekauka, na miiba ya samaki imepangwa ukingoni kama anavyoipanga yeye.

Alimuuliza mkewe, Sabra, chakula kiko wapi. Sabra alikuwa anakunja nguo. Alimjibu, bila kumtazama, kwamba yeye mwenyewe Mudathir alirudi akala saa tisa, akaoga, akatoka tena. Au ana njaa nyingine? Mudathir alicheka kidogo, akasema kweli, kazi imemchosha hata anasahau. Akalala na njaa.

Kazi yenyewe haikuwapo. Kiwanda cha kamba za katani alichokitumikia miaka kumi na miwili kilibandika tangazo getini: wafanyakazi wa kusokota wamesimamishwa kwa muda, miezi mitatu, bila malipo, mpaka oda za nje zirudi. Msimamizi aliwaambia waache ovaroli zao makabatini, kwa kuwa watarudi tu. Mudathir aliiacha yake na jasho la siku hiyo.

Nyumbani hakusema. Kiwanda kiliposimama mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, kaka yake Sabra alikuja kutoka Mkwaja akamchukua dada yake na mtoto wao, Hafsa, wakakaa huko miezi minne. Siku aliyowarudisha alisema mbele ya watu kwamba mara ya pili hatawarudisha. Kwa hiyo kila alfajiri Mudathir alibeba chombo chake cha chakula, akaaga, akaenda bandarini kutafuta kibarua. Alipokikosa, na alikikosa siku nyingi, alikaa ufukweni Raskazone juu ya ukuta mpaka jua lipungue. Zamani zamu ilimrudisha nyumbani saa tisa; sasa akirudi jioni alisema kulikuwa na ovataimu.

Siku ya ishirini sahani ilikuwa tupu tena. Chumbani kulinuka katani na mafuta ya mashine, harufu ambayo yeye mwilini hakuwa nayo tena. Nyuzi nyeupe za katani zilikuwa juu ya mto wake. Alitaka kuuliza ni nani aliyeingia. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba yeye hakurudi saa tisa, na kukiri hivyo ni kuulizwa alikuwa wapi mpaka ijulikane kwamba kazi hakuna. Akanyamaza. Siku ya pili yake akanyamaza tena.

Siku ya ishirini na mbili aliwahi. Saa tisa kasoro alisimama nje ya dirisha, kweupe, majirani wakimpita na kumsalimu, na kupitia pembe ya pazia akaona mtu ameketi mkekani na ovaroli ya bluu, anakula na Hafsa sahani moja, anamtolea mtoto miiba ya samaki kama yeye alivyokuwa akifanya kabla hajaanza kurudi jioni, na sauti ilikuwa yake, na kikohozi cha vumbi la katani kilikuwa chake, ila mkono uliokuwa unachambua samaki ulikuwa na vidole vitano vizima, wakati wake yeye ulikatwa viwili na mashine mwaka wake wa tatu kazini, na Sabra, aliyeufunga bandeji mkono huo kwa miezi, alikuwa ameketi pale pale akiutazama wala hashtuki.

Alikimbilia kiwandani. Mlinzi, mzee Methusela, alimchungulia kwenye tundu la geti asifungue.

"Wewe umetoka saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Alfajiri nimekuona unaingia. Na salamu ulinipa."

Mudathir alisema hajakanyaga hapo tangu siku ya tangazo. Mzee aligeuka akalitazama jengo la mashine. Kisha akamwambia kwamba umeme ulikatwa wiki ya kwanza, lakini mashine moja ya kusokota inazunguka, anaisikia kutwa. Aliripoti ofisini wakamwambia apunguze pombe, na yeye ni mlokole wa miaka thelathini.

"Nenda kwa wanaojua mambo haya," alisema. "Mimi nikisema sana nitasimamishwa kama nyie."

Bi Mwanamkasi, mganga wa majini wa Makorora, aliitikia shikamoo yake akamsikiliza hadi mwisho. Alimweleza kwamba nguo yenye jasho lake imeachwa kwenye jengo lisilo na watu, ikapata wa kuivaa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nyumbani kwake ameacha nafasi wazi kwa uongo, na jini hukaa pasipokaliwa na mtu. Kwanza amwambie mkewe yote. Kisha huyo mwingine akija, mke amtaje mumewe kwa kinywa chake.

"Atakayetajwa atabaki. Asiyetajwa nitamtoa," alisema. "Chetezo changu cha ubani hakichagui, mwanangu. Umekubali?"

Mudathir alitazama mkono wake uliokatwa. Alikubali. Mwanamke gani asiyemjua mumewe?

Kesho yake mchana, Bi Mwanamkasi akipuliza makaa pembeni, Mudathir alimweleza Sabra kila kitu. Hakuruka hata siku moja.

"Nilijua siku ya tatu," Sabra alisema.

Alikuwa amekutana sokoni Mgandini na Benedikta, mke wa Kristofa wa zamu ile ile, na Benedikta akampa pole. Sabra alirudi akangoja aambiwe. Alingoja zaidi ya wiki mbili, akimfungia mumewe chakula cha kazini kila alfajiri na kumpokea na ovataimu yake kila jioni.

"Na huyo?" Mudathir aliuliza. "Hukuona kuwa si mimi?"

"Niliona vidole siku ya kwanza. Lakini kabla hajagusa chakula aliniambia, mama Hafsa, kiwanda kimefungwa, niliona haya kukwambia, nisamehe."

"Sabra, ni jini."

"Ni jini. Na kaka alipopiga simu nikamwambia mume wangu kanieleza yote, sitoki kwangu. Ningemwambia nini wewe ukiwa Raskazone?"

Hodi ilipigwa. Harufu ya katani iliingia kabla ya mtu, ikaufunika ubani, na katika ukimya uliofuata Mudathir alisikia pumzi zake mwenyewe zikitoka upande wa pili wa mlango, zikipanda na kushuka pamoja na za kifua chake, mpaka hakuweza kujua zipi ni zipi, na alipojaribu kuzizuia zake, zile za nje ziliendelea.

"Mtaje mumeo," Bi Mwanamkasi alisema.

Sabra aliutazama mlango.

"Karibu, baba Hafsa."

Mganga aliuliza tena, na tena. Jibu halikubadilika. Akainua chetezo, akageuka, akakielekeza kwa Mudathir.

"Toka, kiumbe wa Mungu. Mwenye nyumba ameshasema."

Mudathir alimwonyesha mkewe mkono.

"Nimeuona," Sabra alisema.

Moshi ulimshika koo, na miguu yake ilianza kutembea kabla hajaiamuru. Mlangoni yule mwingine alisogea kumpisha, kwa adabu, akaingia. Mudathir alikuwa ameshafika uani aliposikia Hafsa anauliza yule ni nani, kisha sauti yake mwenyewe ikimjibu mtoto taratibu, bila kumficha.

"Alikuwa baba yako."