Mstari Mwekundu Kwenye Ramani ya Moto

Moshi ulilimeza lori, likapotea.

Sindano akakanyaga breki. Land Cruiser ikaserereka, ikasimama kiubavu katikati ya nyasi kavu. Mbele yake moto ulitanda kama ukuta, na waliouwasha ndio hao aliokuwa akiwafukuza: wasafirishaji wa pembe za ndovu. Ndege ilikuwa ikiwangoja mahali fulani nyuma ya moshi ule.

Akanyakua redio.

"Nimewapoteza. Nipite wapi?"

Ikajibu sauti ya mwanamke, kavu kama jivu.

"Usiende kulia."

"Kulia moto ni mdogo."

"Kwa sasa. Huko hakujaungua miaka mingi, kumejaa magogo na majani makavu. Ukiingia hutoki. Kata kushoto, kwenye miali."

"Kwenye miali?"

"Pale panaungua kila mwaka. Nyasi ni fupi, moto hauna cha kula. Utapita. Au bado huniamini?"

Uso ukamwaka Sindano, na si kwa joto.

Mwanamke huyo alikuwa mchora ramani. Kazi yake ilikuwa kupanga picha za setilaiti za miaka mingi, moja juu ya nyingine, aone kila kipande cha nchi kimeungua mara ngapi. Pasipoungua alipaka kijani. Panapoungua kila mara, nyekundu.

Wiki iliyopita Sindano aliivamia ofisi yake na askari wenye bunduki, akamtia pingu mbele ya wenzake. Alikuwa ameambiwa kwamba anawauzia majangili picha hizo. Aliyemwambia ni mkuu wa ofisi ile ile, kaka wa mke wake. Sindano, jasusi anayemshuku hata muuza magazeti, hakuuliza mara mbili. Shemeji kasema, basi.

"Tazama ramani kwanza," mwanamke alimsihi.

Hakutazama.

Aliitazama jana, mahojiano yalipotoka kapa. Katikati ya kijani kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umenyooka kama uliopigwa rula. Moto wa porini hautembei hivyo. Kuna mtu aliyekuwa akichoma kiwanja cha ndege kila mwaka, nyasi zisiote. Na kwenye nakala iliyopelekwa serikalini, mstari ule ulikuwa umefutwa.

Ulifutwa kwa kompyuta ya shemeji.

Sindano aliamuru mwanamke aachiwe. Hakwenda kumfungulia mwenyewe. Alimtuma dereva, ampe na redio ya kumwongozea njia. Hapo ndipo alipojidharau zaidi.

"Nakuamini," alisema redioni.

"Basi funga vioo."

Akakata kushoto.

Miali ikalamba milango. Rangi ya boneti ikatoa mapovu. Akabana pumzi, akakaza mguu, mara kioo cha mbele kikajaa anga la buluu.

Kiwanja.

Ndege ndogo, Cessna nyeupe, ilikuwa tayari inanguruma. Wapagazi walikuwa wakirusha pembe za mwisho ndani.

"Kituo, nimewaona. Leteni helikopta."

Akachomoa bastola yake ya Glock. Risasi moja. Gurudumu la mbele likapasuka, ndege ikainamisha pua chini. Rubani akainua mikono. Wapagazi wakatawanyika, wakakuta helikopta ya kikosi inashuka mbele yao.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa na shati jeupe, miwani ya bei mbaya, na begi mkononi.

"Shemeji, taratibu," alisema. "Sisi ni ndugu. Utamwambia nini dada yangu?"

"Nilichokiona."

"Na wakubwa zako? Watauliza ilikuwaje nikakudanganya kirahisi vile. Hata sikutoa jasho."

Ilikuwa kweli tupu.

"Waache waulize," Sindano alisema. "Geuka."

Pingu zikalia.

Alasiri hiyo alipanda ngazi za ofisi ya ramani, akinuka moshi. Wafanyakazi wakaacha kuchapa. Wapo waliotazama viatu vyao. Mchora ramani alikuwa mbele ya skrini, akikuza kipande chekundu, na hakugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi," Sindano alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kona ya mwisho. "Mama huyu hakufanya kosa lolote. Kosa ni langu. Aliniomba nitazame ramani, nikakataa."

Kuelekezewa bastola kichwani kulikuwa rahisi kuliko hili.

Mwanamke akazungusha kiti. Alama ya pingu ilikuwa bado mkononi.

"Nimekusikia," alisema. "Hawa pia wamekusikia. Lakini kuna mtu alinipiga picha nikitolewa, ikasambaa kwenye simu za watu. Mama yangu hatoki nje. Majirani wanamwita mama wa jangili."

"Nitatuma afisa akamweleze…"

Akajishika mdomo. Dereva tena.

"Anakaa wapi?" aliuliza.

Akaelekezwa.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, mlango wa chini, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Wanawake wawili waliokuwa wakianua nguo kambani wakasimama kumkodolea macho. Sindano alivua miwani ya jua, akabisha.

"Nani?" sauti ya kizee iliuliza ndani.

Kazini alikuwa na majina mengi ya kujibia swali hilo. Hakutumia hata moja.

"Shikamoo mama," alisema, kwa nguvu, wale wa kwenye kamba nao wasikie. "Ni mimi niliyemfunga mwanao pingu. Nilimwonea."

Kitasa kikachelewa. Akaendelea kusimama pale pale, uso wazi, mbele za watu.